Umemruka Daktari

Mwalimu alikuwa hakumbuki tena jina la binti yake. Asubuhi alinipokea kama mgeni, mchana aliniuliza kama basi la shule limeshaondoka, na giza likiingia alianza kuomba arudishwe kwao, kwenye nyumba iliyouzwa zamani. Lakini usiku ule nilipofunga kitabu na kumwambia tumemaliza, alisema bila kufumbua macho, "Umemruka daktari."

Nilikuwa nimemruka kweli.

Mimi ni mtu wa Kaimosi, kaunti ya Vihiga, na kwetu ni Kanisa la Friends, ama Waquaker kama wengi wanavyotuita. Mwaka 2012 nilihamia Lowell, Massachusetts, mji wa viwanda vikuukuu vya nguo kando ya mto Merrimack, ambako Wakenya tuko wengi kiasi kwamba unga wa ugali hausumbui kupata. Kama wenzangu wengi nilifanya kozi fupi ya kuwasaidia wauguzi, nikaajiriwa zamu za usiku katika nyumba ya wazee. Ni kazi ya kuwageuza watu kitandani kila baada ya saa mbili wasifanye vidonda, kubadilisha nepi, kuosha, kulisha, kisha kuandika yote kwenye chati. Mshahara wake unajulikana.

Huyo mama nilimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na kwetu jina hilo halistaafu. Kabatini mwake mlikuwa na kitabu kimoja tu, gamba lake limeshikizwa kwa gundi ya karatasi: mashairi ya John Greenleaf Whittier. Binti yake alikuwa ametuachia maagizo kwamba usingizi ukimkataa, asomewe shairi la "Snow-Bound". Wenzangu waliona ni usumbufu. Mimi nililichukua kwa sababu ya njaa ya kusikia sauti yangu mwenyewe usiku, nisiseme uongo.

Whittier alizaliwa tarehe 17 Desemba 1807 huko Haverhill, mji wa mto huohuo wa Merrimack, nusu saa hivi kwa gari kutoka Lowell. Mtoto wa shamba, tena Quaker. Karo yake ya mwanzo aliipata kwa kushona viatu. "Snow-Bound" lilitoka mwaka 1866, na ndani yake anasimulia jinsi dhoruba ya theluji ilivyowafungia nyumbani alipokuwa kijana: baba, mama, mjomba, mama mdogo, ndugu zake, mwalimu wa shule aliyekuwa akilala kwao, na mgeni mmoja wa kike mwenye ulimi mkali. Wavulana wa nyumba wanachimba njia chini ya theluji hadi zizini, ng'ombe wanawashangaa. Usiku watu wanalizunguka jiko la moto na kusimuliana hadithi. Basi. Katika mistari zaidi ya 700 hakuna kingine kinachotokea.

Mwanzoni sikuona utamu wake. Mstari wa kwanza unataja siku fupi ya Desemba, na mimi nilikulia karibu na mstari wa ikweta, ambako jua huzama saa kumi na mbili unusu Krismasi na saa kumi na mbili unusu Pasaka. Siku fupi ni nini? Nilikuja kuielewa nikiwa kituo cha basi, Desemba yangu ya kwanza, saa kumi na robo mchana, nikitazama jua likizama wakati ambao nyumbani watoto ndiyo wanatoka shule. Mwili mzima ulikataa. Nilihisi nimeibiwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba Whittier hakuwa anapamba. Alikuwa anataja kitu kilichomwogopesha mama yake. Baridi ile huua. Kuni zikiisha, watu huisha. Asili katika mashairi ya watu wa huku haiko pale ipendeze, na nadhani ndiyo maana wanaiheshimu namna ile wanayomheshimu Mungu, kwa woga kidogo.

Kitu cha pili kilinijia kwa sikio. Nilipokuwa nikimsomea Mwalimu nikagundua sauti yangu inaingia kwenye mwendo ninaoujua. Nikahesabu kwa vidole juu ya shuka. Kila mstari una silabi nane. Nane! Sawasawa na mizani ya kipande cha utenzi. Babu yule wa theluji alikuwa akitembea kwa mwendo wa kina Mwana Kupona bila kujijua. Nikachukua karatasi ya ratiba, nyuma yake nikajaribu pale anapoeleza yaliyokuwa mbele ya moto, jagi la maji ya matofaa likichemka taratibu, matofaa yakitoa povu kwa safu, na kapu la kokwa walizookota Oktoba:

Jagi nalo lachemka,
matofaa yachomeka,
na kapu limejazika
kokwa za mwituni kwao.

Si kazi ya malenga, najua. Lakini nilimsomea Mwalimu kwa Kiswahili, naye akatikisa kichwa kwa mapigo yaleyale, akasema, "Hilo ndilo la matofaa." Sijui alijuaje.

Sasa dhoruba ya usiku ule wa daktari. Jumatatu, tarehe 26 Januari 2015, niliingia kazini alasiri nikijua itanyesha theluji, ila sikujua ya namna gani. Usiku wa manane gavana alipiga marufuku magari barabarani. Asubuhi mlango wa nyuma ulikuwa haufunguki. Majira yale ya baridi Boston ilivunja rekodi yake, zaidi ya mita mbili na nusu kwa jumla, na dhoruba hiyo ndiyo iliyofungua dimba. Wa kutupokea zamu hawakufika. Tulikuwa wasaidizi wawili na nesi mmoja kwa korido nzima, tukilala kwa zamu kwenye viti, miguu imevimba. Meneja alipiga simu kutoka nyumbani kwake kutushukuru kwa moyo wetu wa kujitolea; malipo ya saa zile tuliyafuatilia kwa wiki kadhaa.

Usiku wa pili Mwalimu alikataa kulala. Nikafungua kitabu. Nilisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa ningelala. Nikafika pale theluji imetulia na maksai wanaletwa kufungua barabara, jirani kwa jirani, watu wanapeana maji ya matofaa na utani. Kisha macho yangu yakateleza, nikarukia kwenye tarishi anayeleta gazeti la kijiji baada ya wiki nzima ya ukimya. Nikamaliza haraka. Nikafunga.

"Umemruka daktari."

Nikarudi nyuma. Kati ya maksai na gazeti kuna mistari michache ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuisikia. Daktari mzee anapita akizungukia wagonjwa, anasimama mlangoni kwa kina Whittier, anasema kwa ufupi kwamba kuna jirani maskini yuko kitandani na usiku atahitaji mtu: mama atakwenda? Daktari huyo alikuwa Mkalvini, mfuasi wa mafundisho ya John Calvin. Mama alikuwa Quaker. Na New England, majimbo haya ya kaskazini mashariki, zamani haikuwa mahali pa kuchukulia tofauti hizo kwa mzaha. Karne ya 17 Boston iliwanyonga Waquaker wanne, mwanamke mmoja akiwa kati yao. Whittier anauliza: machoni pa mgonjwa, nuru ya ndani ya mama yule ilikuwa na maana gani, au deraya ya imani aliyoivaa daktari? Watakatifu wateule, anasema, kila moyo unawatambua: ni wale wanaoachana kwenye imani na kukutana kwenye upendo, wasioiacha lulu ya wema iyeyuke kwenye tindikali ya madhehebu.

Nilisoma hapo polepole. Mwalimu alikuwa Mkatoliki, rozari yake ilining'inia kwenye reli ya kitanda. Aliyekuwa zamu pamoja nami ni Muislamu kutoka Gambia, na dakika hiyo alikuwa chumba cha pili akimgeuza mzee wa Kikambodia, mtu wa Buddha. Theluji ilikuwa imefika nusu ya dirisha. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno kulia. Ila nilisoma mistari ile mara mbili, na Mwalimu alikuwa amelala kabla sijafika kwa tarishi.

Tangu siku hiyo nilianza kumfuatilia Whittier mwenyewe, kwa simu, wakati wa mapumziko ya saa tisa usiku, na kugundua kwamba nilikuwa nikimjua tangu sekondari. Tulikuwa na wimbo wa Kiingereza katika ibada za shule, ule unaomwomba Baba wa wanadamu atusamehe upumbavu wetu na kumalizia kwa tetemeko, upepo na moto, halafu sauti ndogo, ya utulivu, kama ile aliyoisikia Eliya katika 1 Wafalme. Kumbe ni wake! Na kumbe si wimbo. Ni beti za mwisho za shairi la mwaka 1872 kuhusu makuhani wa kale wa India wanaopika kinywaji kiitwacho soma, wanakunywa, wanalewa, wanadhani ulevi ule ndio Mungu. Whittier anageuka na kusema hata sisi tunapika yetu, kwa muziki, uvumba na kelele. Mwaka 1884 mtu wa Uingereza akazikata beti za mwisho na kuzitia kwenye kitabu cha nyimbo. Whittier mwenyewe alikiri kwamba hajui lolote la muziki. Dini aliyokulia ilikuwa haiimbi ibadani. Leo anaimbwa kotekote.

Jambo hilo lilinigusa pabaya. Jumapili moja nilikuwa nimetafuta mkutano wa Marafiki, yaani Friends, wa huku, nikavaa gauni langu zuri, nikaenda nikitarajia mchungaji, kwaya na sadaka. Nikakuta watu ishirini wamekaa kimya. Nikadhani wanasubiri mhubiri. Dakika arobaini baadaye mzee mmoja akasimama, akasema sentensi tatu kuhusu nyanya zake zilizopigwa na baridi, akaketi. Saa ilipotimia walipeana mikono, tukanywa kahawa. Nilirudi nyumbani nikampigia Guku wangu, bibi mzaa baba, nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Hao si Friends," alisema, "hao wamefiwa."

Kumbe wote ni Friends. Uamsho wa karne ya 19 uliwapitia Marafiki wa majimbo ya kati ya Marekani, ukawaletea wachungaji, mahubiri na nyimbo. Ni kutoka mkondo huo walikotoka Wamarekani watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902. Whittier alikuwa wa mkondo ule mwingine, wa ukimya. Sisi ni watoto wa ndugu zake waliochangamka, na sasa Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi yoyote duniani. Shairi lake la soma ni kama alikuwa akitusema sisi na makofi yetu.

Hapo simfuati mpaka mwisho. Guku aliimba akipalilia, aliimba akikamua, na sijawahi kumwona amelewa dini. Kuimba ndiko kulikokuwa kutulia kwake. Na kuna mengi mengine ya Whittier yanayonichosha: vina unavyovitabiri kabla hujavifikia, mahubiri yanayojipenyeza pale picha ilipokwisha kusema. Lakini sauti ndogo ile nimeisikia, saa tisa usiku, kwenye korido ya watu wanaopumua kwa shida. Kwa hiyo simkatai pia.

Nilichotaka kujua zaidi ni kama wema wake uliwafikia watu wenye ngozi yangu. Si swali la darasani. Katika ile nyumba kulikuwa na mzee aliyekuwa akiniambia nisimguse kwa mikono hiyo, na taratibu zilinitaka nitabasamu nikamtafute mwenzangu mweupe. Basi nikasoma. Mwaka 1833 Whittier alichapisha kijitabu cha kupinga utumwa, na Desemba ya mwaka huo alikuwa Philadelphia kuasisi chama cha kuupiga vita. Baadaye alisema anathamini zaidi jina lake chini ya tamko lile kuliko kwenye jalada la kitabu chochote. Huko New Hampshire alirushiwa mawe. Mwezi Mei 1838, ukumbi mkubwa wa Philadelphia ambamo ofisi ya gazeti lake ilikuwemo ulichomwa moto na umati siku tatu tu baada ya kufunguliwa. Yeye akavaa koti na nywele za bandia, akajichanganya na walewale wachomaji, akaokoa alichoweza. Picha hiyo naipenda kuliko mashairi yake mengi: Quaker mpole, mkweli kwa kanuni, amevaa wigi.

Washairi wengine wa zama zake nimewapitia kwa kasi, kila mmoja kwa shida yake. Emily Dickinson wa Amherst, magharibi ya jimbo hilihili, nilimhitaji kwa sababu ya Jumapili. Zamu za wikendi hulipa zaidi, na miaka miwili mizima sikukanyaga kanisa lolote kwa mfululizo. Dhamiri ilinisumbua. Yeye anasema wengine huitunza Sabato kwa kwenda kanisani, yeye huitunza nyumbani, ndege ndiye mwimbaji wake na bustani ya matunda ndiyo paa, na Mungu mwenyewe anahubiri, hotuba haiwi ndefu kamwe. Nilimtumia mama yangu kwa WhatsApp. Alinijibu: "Huyo alikuwa na bustani. Wewe una nini?" Nikanyamaza.

Walt Whitman ni wetu, sisi wa nepi na beseni. Desemba 1862 alisafiri hadi Virginia kumtafuta ndugu yake aliyejeruhiwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, akakuta nje ya hospitali lundo la mikono na miguu iliyokatwa. Ndugu yake alikuwa na jeraha dogo tu. Angeweza kurudi New York. Akaenda Washington, akakaa miaka, akizunguka wodi kwa wodi na machungwa, tumbaku na karatasi, akiwaandikia barua wasioweza kushika kalamu. Shairi lake kuhusu kufunga vidonda linataja usaha, harufu, beseni, kitambaa, bila kugeuza uso. Hakuna mwingine wa karne ile anayenifanya niseme: huyu amewahi kufanya kazi hii. Inasimuliwa kwamba Whittier alipopelekewa kitabu cha kwanza cha Whitman alikitupa motoni kwa uchafu wake. Kama ni kweli, alichoma kitabu cha mtu ambaye mama yake angemfungulia mlango mara moja. Wote wawili walifariki mwaka 1892, Machi na Septemba.

Guku alifariki mwaka 2016. Makaratasi yangu yalikuwa bado hayajakamilika. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Nilimzika kwa simu. Mpwa wangu alishika simu juu, nikaona mwavuli, mgongo wa mtu, kisha kwa muda mrefu ua wa misaipresi nyuma ya boma, ile aliyoipanda Guku mwenyewe, kwa sababu mpwa alichoka mkono akaielekeza huko. Niliwasikia wakiimba. Usiku huo nilikwenda kazini, kwa kuwa kukaa chumbani kulikuwa kubaya zaidi.

Mwalimu alikuwa macho. Nikamsomea, na safari hii sikuruka. Katikati ya shairi Whittier anasimama na kusema kwamba wote waliolizunguka jiko lile wameshaondoka, amebaki yeye na kaka yake. Dada yake mdogo alikuwa amefariki mwaka 1864, na ndiyo maana aliliandika. Anasema upendo utaota na imani itaamini kwamba kwa namna fulani, mahali fulani, lazima tukutane. Halafu: ole wake asiyeona kamwe nyota zikipenya kwenye misaipresi yake.

Huko kwao msaipresi ni mti wa makaburini. Kwetu ni ua, kuni, nguzo ya banda, mahali pa kuanika nguo. Nilikwama hapo, sauti ikakataa. Mwalimu akasubiri. Alipoona siendelei akalimaliza fungu lile mwenyewe kwa kichwa, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya darasa, akanipigapiga mkono, akaniuliza kama mimi ndiye mtoto mpya.

Aliondoka mwaka uliofuata, Februari. Mei hiyo nilichukua siku ya mapumziko nikaenda Haverhill kuiona nyumba yenyewe. Imesimama tangu 1688, babu wa babu yake ndiye aliyeijenga. Jikoni ni palepale. Jiko la moto ni pana kuliko nilivyowaza, mtu angeweza kuingia akiinama. Hakukuwa na theluji, nyasi zilikuwa zimekatwa karibuni na zilinukia kama nyumbani. Mama wa makamo aliyekuwa akituonyesha alieleza nani alikaa wapi, kisha akauliza kama kuna swali.

Nikamuuliza yule jirani aliyekuwa mgonjwa aliishi upande gani.

Akanitazama, akacheka kidogo, akasema hajawahi kuulizwa hilo. Shairi halimtaji jina. Alisogea dirishani, akatazama huku na huku barabarani, kama vile huenda daktari bado yuko njiani.